Tuba ya Wagner Si Tuba
Wengi hudhani kwamba tuba ya Wagner ni aina ndogo ya tuba, ile ala kubwa ya shaba ya kupulizwa yenye sauti nzito, inayopigwa na mpiga tuba, lakini jina hilo linapotosha. Ala hii ni ndugu wa horni, ala ya shaba yenye bomba lililozungushwa kama duara: hupigwa na wapiga horni wenyewe, kwa kipande kilekile chembamba cha kupulizia, huku vidole vya mkono wa kushoto vikibonyeza vali za kubadilisha sauti na mdomo wake mpana ukielekea juu. Mtunzi wa Kijerumani Richard Wagner aliihitaji kwa mfululizo wa opera zake nne uitwao Ring, zilizoonyeshwa zote pamoja katika mji wa Bayreuth, Ujerumani, mwaka 1876. Uzuri wake, kwa maoni yangu, hausikiki popote kuliko katika Adagio, yaani sehemu ya mwendo wa polepole, ya Simfoni ya 7 ya mtunzi Anton Bruckner, ambapo tuba nne za Wagner huanza kuomboleza kwa sauti nzito, tulivu, na tuba halisi ikizibeba kwa chini.