Je, wajua? Harufu ya panya dume haimvuti jike mpaka aiguse

Wengi, hata waliosoma baiolojia, huamini kwamba panya dume hutoa harufu kali, hewa ikaibeba, na jike yeyote akiinusa hulewa na kuifuata. Maelezo hayo yana kosa kwenye msingi wake. Jike ambaye pua yake haijagusa mkojo wa dume fulani, harufu ya dume huyo ikimjia hewani tu haimvuti. Tunamzungumzia hapa panya mdogo wa nyumbani, Mus musculus.

Kinachomvuta kwanza ni protini isiyopaa hewani. Kikundi cha mtafiti Jane Hurst cha Chuo Kikuu cha Liverpool, Uingereza, kiliieleza mwaka 2010 na kuiita darcini, kwa jina la Bwana Darcy, mringaji wa riwaya ya Kiingereza Pride and Prejudice. Dume huacha matone ya mkojo ukutani na pembeni. Jike akiligusa tone, darcini huingia kwenye kiungo cha Jacobson, kijimfuko chenye majimaji kilicho chini kabisa ndani ya pua. Hapo hapo jike hujifunza harufu nyepesi inayopaa kutoka kwenye tone lile, ambayo kila dume ana yake.

Chukua mfano wa vitumbua. Mtu aliyehamia mtaani leo, harufu ya vitumbua ikimpata asubuhi anapita zake. Siku akinunua kwa mama wa kona ya msikiti akaonja iliki na nazi, kuanzia hapo harufu ya jiko lile ikimfikia kwa mbali miguu inageuka, tena inageukia kona ile tu. Kuonja ndiyo darcini. Jike naye hukumbuka hata mahali: majaribio yaliyotolewa mwaka 2012 yalionyesha kwamba alirudi pale pale hadi siku 14 baadaye, ingawa tone halikuwepo tena.

Darcini hutengenezwa kwenye ini, si kwenye korodani, lakini testosteroni, homoni ya kiume, ndiyo inayoamuru. Dume akihasiwa, protini za aina hii hupungua mno mkojoni. Akidungwa testosteroni hurudi. Kwa upande wa jike, anayenyonyesha havutiwi na darcini.

Chakula nacho kina neno. Kwa panya-majani wa Amerika Kaskazini, Microtus pennsylvanicus, madume waliolishwa chakula chenye protini nyingi waliwavutia majike kwa harufu kuliko waliolishwa protini kidogo. Matokeo hayo yabaki kwa mnyama huyo. Si ruhusa ya kuyahamishia kwa panya wa jikoni, sembuse kwa binadamu.

Wafugaji wa panya wa maabara hutumia elimu hii kila wiki. Majike wakikaa wengi bila dume, joto lao, yaani kipindi cha kuwa tayari kupandwa, huchelewa au husimama. Chukua konzi ya maranda yaliyolowa mkojo wa dume, yatie kwenye kizimba cha majike. Kufikia usiku wa tatu wengi huwa kwenye joto. Jioni hiyo weka jike mmoja au wawili kwa kila dume. Asubuhi mapema tafuta kizibo cheupe ukeni, dalili kwamba wamepandana, maana ukichelewa huanguka usikione. Zoezi huharibika pale mtu anaposafisha kizimba cha dume kwanza kisha akachota maranda mapya: hayana kitu.

Kosa kubwa zaidi huja baada ya kupandana. Hilda Bruce alionyesha mwaka 1959 kwamba dume mgeni akiletwa katika siku chache za mwanzo, mimba haijishikizi na jike hurudi kwenye joto. Hata maranda yenye mkojo wa mgeni yanaweza kufanya hivyo, basi usichanganye vizimba mpaka mimba ishike. Mgeni akiwa wa ukoo ule ule wa maabara na dume aliyepanda, mimba nyingi husalimika, kwa kuwa mikojo yao inakaribia kufanana.