Mgeni Mwenye Fomu

Ukibisha hodi kwa Wagiriama huku Kilifi, kabla hujaeleza ulilolijia unatolewa kiti, pengine kile kimoja kilichopo, kisha maji. Nawasimamia wahojaji wa utafiti wa afya, na kiti hicho hunipa taabu kuliko maswali ya damu. Damu inaelezeka: mililita 5 ni kijiko cha chai, na chupa yenyewe mtu anaonyeshwa. Lakini aliyekwisha kukukaribisha atakukatalia vipi?

Azimio la Helsinki la 1964, yaani kanuni za maadili za madaktari wa dunia kuhusu utafiti kwa binadamu, ambalo limerekebishwa mara kadhaa, linampa mshiriki haki ya kukataa au kujitoa wakati wowote bila kuadhibiwa. Kliniki haki hiyo ni nyepesi, mtu huinuka akaenda zake. Nyumbani kwake ataenda wapi? Anayepaswa kuondoka ni wewe, na adabu haimruhusu kukufukuza. Basi hukataa kwa upole: "Mwenyewe hayupo." "Njooni wiki ijayo." Au anatumwa mtoto aje aseme mama ameenda kuteka maji, na mama mnamsikia akikohoa ndani.

Tableti ina majibu matatu: amekubali, amekataa, hakupatikana. Mhojaji hubonyeza la tatu, na kwa kubonyeza hivyo amejipangia safari nyingine. Udhuru ukirudiwa, nawafundisha waseme wenyewe: "Mama, mkitaka tusirudi, ni sawa kabisa, na hospitalini mtatibiwa kama kawaida." Maneno hayo ya mwisho ndiyo yanayomfungua mtu, maana wengi huhofia kwamba kukataa kutawaponza siku mtoto akiugua. Sensa ya afya ya KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, hapa imeanza 2000 na inafuatilia watu karibu 300,000, kwa ziara za kurudiarudia. Wahenga walisema mgeni siku ya tatu apewe jembe. Sisi hatujapewa bado.

Mhojaji wa kijiji hicho hicho anajua lugha na vichochoro, ila pia ni mpwa wa fulani na anamdai fulani. Kwa kuhesabu watu, sioni neno. Kwa maswali ya virusi vya UKIMWI au uzazi wa mpango, simtumi kwao hata akinihakikishia kwamba atatunza siri. Siri si yake peke yake. Anayeulizwa atakutana naye kesho kisimani.

Halafu kuna mtoto anayechemka homa kwenye mkeka, naye hayumo kwenye utafiti. Miongozo mingi inakataza mhojaji kutoa pesa mfukoni, na naiunga mkono: nauli ya leo huwa bei ya ridhaa ya kesho. Ila katazo hilo bila gari la kupigiwa simu, na bila fungu la dharura kwenye bajeti, ni kumtwisha mwenye mshahara mdogo kuliko wote uamuzi ambao wakubwa hawakutaka kuufanya. Mradi ukiniletea bajeti isiyo na fungu hilo, siku hizi nairudisha kabla sijasoma maswali yao.