Mosquito: Kwa Nini Ndege ya Vita Ilijengwa kwa Mbao na Kuachwa Bila Bunduki

Mwaka 1938 kampuni ya de Havilland ya Uingereza ilianza kuishawishi Wizara ya Anga ikubali ndege ya mabomu ya aina ngeni kabisa, ambayo baadaye iliitwa Mosquito: ya mbao, yenye injini mbili na watu wawili tu ndani, isiyo na bunduki hata moja. Wizara haikuvutiwa. Kila taifa kubwa lilikuwa linahamia kwenye ndege za chuma, na wakuu waliamini ndege ya mabomu lazima izungukwe na wapiga bunduki wa kuilinda.

Hesabu ya Geoffrey de Havilland, mwenye kampuni, na mbunifu wake mkuu, R. E. Bishop, inafaa kufuatwa polepole, maana ndiyo iliyoizaa ndege yenyewe. Bunduki ya kujilinda haipandi ndegeni peke yake. Huja na mpigaji wake, risasi zake, na kibanda kinachochomoza nje na kupambana na upepo. Uzito huo unataka mbawa kubwa na injini zenye nguvu zaidi. Injini hizo zinataka mafuta mengi, na mafuta nayo ni uzito. Ukiiondoa bunduki, vyote hivyo vinapungua kwa pamoja. Inabaki ndege ndogo, laini, ambayo kwa injini mbili za Merlin, zilizoundwa na Rolls-Royce, inaweza kumkimbia anayeifukuza.

Mbao nazo hazikuchaguliwa kwa unyonge. Kampuni ilikwisha kuzijaribu kwenye ndege yake ya abiria, Albatross, iliyoruka mwaka 1937. Tabaka la balsa, mti mwepesi sana wa Ecuador, liligundishwa katikati ya plaiwudi mbili nyembamba za mti mgumu. Ukuta uliopatikana ulikuwa imara na mwepesi, na uso wake haukuwa na vichwa vya ribiti, vijipini vya kuunganishia mabati, vya kuukwaruza upepo. Mwili uliundwa nusu mbili, mfano wa ganda la karanga; nyaya na mabomba mengi yalifungwa kwanza, ndipo nusu zikaunganishwa. Alumini iligombaniwa na viwanda vyote vya ndege, lakini mafundi samani walikuwapo, na mikono yao ikaajiriwa.

Aliyeiokoa Mosquito serikalini ni Wilfrid Freeman wa Jeshi la Anga. Tarehe 1 Machi 1940 ziliagizwa ndege 50. Baada ya jeshi la Uingereza kuondolewa Dunkirk, Ufaransa, mbele ya Wajerumani, kazi ilisimamishwa ili viwanda vishughulikie ndege zilizohitajika mara moja, kisha ikarudishwa Julai. Oktoba 3 ndege ya Kijerumani ilikipiga kiwanda cha Hatfield. Watu 21 walikufa na vifaa vingi vya Mosquito viliteketea. Hata hivyo ndege ya kwanza, iliyokuwa ikijengwa kwa siri Salisbury Hall, iliruka tarehe 25 Novemba 1940. Rubani alikuwa Geoffrey mdogo, mtoto wa mwenye kampuni. Katika majaribio ya mapema mwaka 1941 ilivuka kilomita 620 kwa saa, ikaipita Spitfire, ndege ya kivita ya Uingereza, ya wakati huo.

Kazi yake ya kwanza vitani, Septemba 1941, ilikuwa kupiga picha. Kasi yake ilifaa kazi hiyo, kwani ndege ya upelelezi ikitunguliwa, picha zote zinapotea nayo. Kwa upande wa mabomu, mpango wa awali ulikuwa manne ya kilo 110 hivi. Wahandisi walifupisha mapezi ya mkia wa bomu, na nafasi ileile ikameza manne ya kilo 225.

Udhaifu wake mkubwa ulikuwa kwenye maungio. Gundi ya mwanzo ilitokana na kasini, protini ya maziwa, na haikuweza joto na unyevu wa nchi za tropiki. Ikabidi iingizwe gundi ya kemikali. Hata hiyo haikutosha mahali ambapo kazi ya mkono ilikuwa mbovu. Mwaka 1944 ndege kadhaa zilivunjika angani huko India, na uchunguzi ukakuta maungio ya mbawa ambayo hayakushikana sawasawa. Tangu hapo ukaguzi wa maungio ulikazwa.