Msinitumie tena "Spitfire ya babu"

Juzi saa nne usiku simu imeingia ujumbe: "Shikamoo mzee. Kwa shangazi kuna picha ya ndege ya kivita ya Waingereza, Spitfire, ukutani, babu alipiga nayo Libya kwenye vita vya Hitla. Naomba uthibitishe tu." Uthibitishe tu! Nikavaa miwani, nikaikuza. Marahaba mwanangu, ila hiyo Spitfire yako ni Mjerumani.

Hii ni ya nne tangu Ramadhani, na hoja ni ile ile: ina miduara ya rangi, alama ya ndege za Waingereza, ubavuni, kwa hiyo ni ya Waingereza, na ya Waingereza yenye pua ndefu ni Spitfire. Jamani. Mduara ni rangi. Asubuhi unapakwa, jioni ndege ina uraia mwingine. Na aliyeteka ndege ya adui alikuwa na kila sababu ya kuwahi brashi, maana wapiga mizinga wa upande wake mwenyewe wakiuona msalaba wa Wajerumani angani hawamngoji rubani ajitambulishe.

Mimi naanza na ekzosi. Kwenye picha ya huyu kijana zimejipanga chini ya pua, karibu na usawa wa bawa. Merlin, injini ya Spitfire, inatolea moshi juu. Daimler-Benz, injini ya Wajerumani, imefungwa kichwa chini miguu juu, kwa hiyo moshi wake uko chini. Kisha nikatazama ukingo wa mbele wa bawa: karibu na ncha kuna kibati kimening'inia kama mdomo wa aliyenuna. Messerschmitt 109, ndege ya kivita ya Wajerumani, ikiegeshwa, vibati hivyo mara nyingi hubaki wazi vyenyewe. Spitfire haina. Miguu ya magurudumu iliyobanana msiniambie, zote mbili zimebanana na zote mbili zinakunja kwenda nje.

Mkia hauna fito za kuushikilia kwa chini, ncha za mabawa ni za mviringo, basi si toleo la E. Pua haina uvimbe, basi si toleo la G-6. Chujio la mchanga limechomoza ubavu wa kushoto kama debe, basi ni ya jangwani, na negativu haikugeuzwa wakati wa kusafisha. Ukiliona chujio hilo kulia, geuza picha kwanza ndipo tuzungumze.

Kuna mjuaji atakuja na EN830. Najua. Ilikuwa Spitfire kweli, ikatua kisiwani Jersey Novemba 1942, Wajerumani wakaichukua wakaifunga Daimler-Benz yao, ekzosi zikashuka chini. Ndiyo maana sisomi kitu kimoja nikafunga kesi.

Na herufi za ubavuni? Zinamtaja aliyeiteka. Mfano ninaoutumia kila siku ni ile Messerschmitt toleo la G-2 yenye namba ya kiwanda 10639. Waaustralia wa Skwadroni ya 3 waliikuta Gambut, Libya, Novemba 1942, wakaipaka CV-V. CV ni herufi za skwadroni yao, zile zile zilizokuwa kwenye ndege zao za Kittyhawk. Ukienda kuzitafuta kwenye orodha utarudi na Kittyhawk mkononi, na kitu kilichoko pichani ni Messerschmitt. Baadaye huko Uingereza ikapewa namba nyingine kabisa, RN228. Ndege moja, majina matatu, na hapo sijataja namba sita nyeusi iliyokuwa nayo kwa Wajerumani.

Sasa nije kwenye linalonichosha kuliko yote. Binamu wa huyu kijana akadakia: "Pua ni nyeusi, na mduara hauna ule ukingo wa njano, kwa hiyo picha ni ya mwanzo wa vita." Nani kakwambia haina njano? Filamu nyingi za zamani hazioni nyekundu. Nyekundu inatoka karibu nyeusi, njano inazama inakuwa kijivu kizito, na buluu inapauka hadi unadhani ni nyeupe iliyochafuka. Filamu inayoona rangi zote inafanya kinyume: njano inang'aa. Na mpiga picha akiweka chujio chekundu mbele ya lenzi, hesabu yote inapinduka upya. Kwa hiyo "pua nyeusi" inaweza kuwa nyeusi, nyekundu, au njano ya ndizi mbivu. Wale wanaozipaka picha hizi rangi kwa kompyuta kisha wananiletea kama ushahidi, mimi nawaonea huruma.

Hapo ndipo mduara, usiofaa kunitajia kiwanda, unanifaa kwa jambo jingine. Rangi zake nazijua: nyekundu katikati, kisha nyeupe, kisha buluu. Nikikuta nyekundu imekuwa makaa na buluu imepauka, nimeijua filamu, na njano nitaitafuta ndani ya giza. Pichani mwa kijana ndivyo ilivyo, na ukiikuza unaona ukingo mwembamba umezama pale pale walipodai haupo.

Nilichelewa kujifunza hili. Mwaka mzima familia moja iliamini kwa neno langu kwamba pua ya ndege yao ilikuwa nyekundu. Walipoisafisha upya kwa ukubwa, nikaona buluu ya mduara imepauka kama maziwa ya chai. Nikampigia mama wa watu kumwomba radhi: huenda ilikuwa njano.

Basi ndege ya babu ni F au G-2? Hapa vitabu vinaandika namba moja chini ya kila picha na kuendelea mbele, mimi sithubutu. Fundi wa jangwani mwenye ndege mbili mbovu anatengeneza moja nzima: pua ya hii, mkia wa ile. Namba ya kiwanda iliyoandikwa kwenye mkia ni shahidi wa mkia. Ningeridhika kidogo kama ningeona vile vidomo vidogo vya kuvuta hewa nyuma ya propela, ambavyo G inavyo na F haina. Lakini hapo hapo babu ameegemeza kiwiko, kofia imelala upande, anatabasamu.

Nimemwomba kijana aitoe kwenye fremu nione kingo na mgongo wake. Amejibu leo asubuhi: fremu imepigiliwa misumari, na shangazi amesema haing'oi mtu, ile ni Spitfire.