Wizara kwake, kalamu kwa jirani

Nikipata sheria inayounda wizara mpya, naruka ukurasa wa malengo na kutafuta kitu kimoja: nani anatia sahihi.

Chukua Brazili. Januari 2023 Rais Lula aliunda Wizara ya Watu wa Asili, ya kwanza nchini humo, akamkabidhi Sônia Guajajara, mwenyewe Mguajajara, kabila mojawapo la watu hao, wa jimbo la Maranhão. Alishika ofisi tarehe 11, siku tatu tu baada ya wafanya fujo kuvunja vioo vya Ikulu. Picha zilikuwa nzuri, mama na taji lake la manyoya. Mimi nilikuwa nasoma vifungu.

Kule, ardhi ya wenyeji hupita njia ndefu. Shirika la serikali, Funai, hutuma mwanaanthropolojia na timu yake. Ripoti ikichapishwa, wenye pingamizi wana siku 90. Kisha waziri hutoa tamko: eneo hili, kwa mipaka hii, ni la watu hawa. Baada ya tamko ndipo bikoni, alama za mpaka, huchimbiwa, na rais akamalizia kwa amri yake.

Uzito wote uko kwenye tamko. Zamani lilikuwa la Waziri wa Sheria. Lula akalihamishia kwa Guajajara. Tatizo, wizara na uhamisho huo vilisimama juu ya amri ya muda ya rais. Bunge lisipoipitisha kufikia mwanzoni mwa Juni, inakufa, na wizara mpya inakufa nayo. Wabunge wa kambi ya wakulima wakubwa walilijua hilo vizuri. Amri ikapita dakika za mwisho, tamko likiwa limerudishwa Wizara ya Sheria. Serikali ikameza.

Basi Funai ilibaki chini ya Guajajara: inachunguza, inapima, inajaza faili, halafu faili linapelekwa kwa jirani, Waziri wa Sheria. Wanaoiita wizara hiyo pambo wanakosea, maana bila faili jirani hana cha kusaini. Ila faili linaweza kulala mezani kwake na waziri wa watu wa asili asiwe na la kufanya zaidi ya kubisha hodi.

Wamunduruku, watu wa asili wa mto Tapajós, walichoka kungoja, wakaanza mwaka 2014 kufyeka mipaka yao wenyewe na kusimika mabango porini. Tamko la ardhi yao, Sawré Muybu, lilitoka Septemba 2024. Sahihi iliyo chini yake ni ya Ricardo Lewandowski, Waziri wa Sheria wa wakati huo.