Wasichana Hawajakata Pumzi

Timu ya soka ya wanawake ya daraja la kwanza hapa Zanzibar ikifungwa mabao mawili baada ya dakika ya 65, hukumu hutoka jukwaani kabla ya kipenga cha mwisho: "Pumzi hawana hawa, wapelekeni pwani." Na kweli, kesho alfajiri wako pwani. Kilomita nane, mwendo mmoja, kocha nyuma na baiskeli. Mechi inayofuata mambo ni yale yale, na dawa ni ile ile, safari hii kilomita kumi. Jamani, mgonjwa hajapimwa.

Tuanze na hesabu. Wachezaji wa ligi ya juu ya wanawake Denmark waliopimwa ndani ya mechi, katika utafiti uliotoka 2005, walimaliza kama kilomita 10 kwa dakika 90. Kati ya hizo, za kasi ya juu zilikuwa kilomita 1.3 hivi, tena zimekatwakatwa vipande vya sekunde chache chache. Zilizobaki ni kutembea na kujongea. Beki wetu hapitwi kwa kushindwa kujongea. Anapitwa kwa sababu amekimbia kasi mita 30, akarudi mita 30, na kabla hajapumua mpira umerudi tena. Kilomita nane za mwendo mmoja hazimfundishi hilo. Zinamfundisha kukimbia polepole kwa muda mrefu, na hilo analijua tangu anatumwa dukani.

Halafu hiyo pwani yenyewe. Watu husema "mchangani" kama vile mchanga ni kitu kimoja. Mchanga mkavu wa juu unakula nguvu kama mara 1.6 ya ardhi ngumu kwa mwendo ule ule. Wanaoupenda hutaja namba hiyo kwa fahari, lakini nguvu hiyo inaliwa na mguu unaozama. Unyayo unakaa chini muda mrefu na kuondoka bila msukumo, nasi kwenye mpira tunataka kinyume chake: mguu uguse na uondoke. Ukimaliza wiki tatu za mchanga mkavu utakuta mashavu ya miguu yamekaza kama kamba ya ngalawa, na hatua tano za mwanzo zimekuwa nzito. Mchanga mbichi maji yakitoka ni mgumu karibu sawa na barabara, na tena umeinama kuelekea baharini. Mchezaji anayekimbia kutoka Jambiani kuelekea Paje huku bahari iko kuliani, mguu wa kulia uko chini njia nzima. Wakirudi kwa gari, kama wafanyavyo wengi, mwinamo huo hausawazishwi. Wiki ya pili utasikia maumivu ya goti upande wa nje, na benchi zima litashangaa yametoka wapi.

Kalenda ya maji nayo haitazamwi. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, saa kumi alasiri bahari imejaa, kwa hiyo ufukwe uliobaki ni ule mkavu wa juu. Asubuhi ya siku hizo hizo maji yanakupwa sana, na kama timu yako ina wasichana wanaolima mwani, hao wameshainama majini kwa muda wa saa tatu nne na kubeba viroba. Ukawaambie jioni "mbio ndefu", halafu Jumamosi useme hawana pumzi? Mimi siku za bamvua huwahesabia kama wameshafanya mazoezi mara moja.

Mchanga una kazi yake, sikatai. Kuruka mara sita kwa seti tatu, miguu miwili, kwenye mchanga mkavu, hakuumizi misuli kama kuruka juu ya kiwanja kikavu cha udongo. Dakika 12 zinatosha, kisha watu waende nyumbani.

Sasa niseme linalonikera zaidi, kwa sababu halionekani kama jambo la pumzi kabisa. Ni golikiki.

Simama nyuma ya goli lolote la mechi za ngazi hii uangalie. Kipa anatenga mpira. Viungo wamekwenda kusimama karibu na mstari wa kati, mawinga mbele yao, mshambuliaji yuko na mabeki wa wapinzani. Kipa anapiga. Kwa makipa wengi wa daraja hili mpira huo unadondoka mita 28 mpaka 32 kutoka ulipotengwa, na hapo hayupo mtu wetu. Yupo wa kwao. Anatuliza kifuani, anageuka, na mbele yake kuna mita 25 za uwazi. Mabeki wetu wanne wanarudi mbio wakiangalia goli lao, viungo wawili wanarudi mbio kuwafukuza. Mpira unatoka. Golikiki nyingine. Viungo wanapanda tena kule kule! Hesabu mwenyewe: kiungo anayepanda na kurudi mita 30 kwa golikiki 12 za kipindi kimoja amekimbia mita 720, nusu yake kwa kasi ya kufa na kupona, na mpira hajaugusa. Dakika ya 65 ameshika magoti, na jukwaa linasema pumzi.

Dawa yake haina jasho. Pima kiki ya kipa wako mazoezini: apige kumi, weka koni pale inapodondoka ya sita kwa urefu. Hapo ndipo kiungo wa kati anasimama siku ya mechi, si mstari wa kati. Mawinga wanaingia ndani na kushuka, mabeki wa pembeni hawaendi mbali. Kutoka beki wa mwisho mpaka mshambuliaji kusiwe zaidi ya mita 35. Weka koni mbili za umbali huo kando ya kiwanja wiki nzima, wazizoee kwa macho, kwa sababu kuambiwa "banana" tu hakusaidii. Kila mtu anabana anavyoona yeye. Na kama kipa hafikishi hata mita 25, tangu 2019 sheria inaruhusu golikiki ipokelewe ndani ya eneo la hatari. Itumieni. Kitakachoharibika mwanzoni ni beki kupokea huku amewapa wapinzani mgongo na uso anauelekeza kwa kipa, akanyang'anywa. Mfundishe kupokea kwa mguu wa mbali, mwili umeangalia pembeni. Mtafungwa bao moja la kijinga kwenye mechi za kirafiki, basi.

Benchi nalo. Kama kanuni za ligi yenu zinaruhusu wabadilishwe watano kwa kusimamisha mchezo mara tatu, kwa nini sioni mabadiliko mpaka dakika ya 80? Winga na beki wa pembeni ndio wanaokimbia kasi zaidi, hao watoke dakika ya 55 hadi 60, kabla hawajachoka. Najua jibu: waliokuja ni 14 na mmoja wao ni kipa wa akiba. Hiyo ni shida ya nauli na ya mitihani, na yenyewe pia si pumzi.

Joto nitalipita haraka. Sheria inaruhusu mapumziko ya kunywa maji yasiyozidi dakika moja, na ya kupoza mwili kati ya sekunde 90 na dakika tatu, kanuni za mashindano zikiyakubali. Yaombeni kwenye kikao cha kabla ya mechi, msisubiri mtu aanguke. Mtandio unaruhusiwa rasmi tangu 2014: uwe rangi kuu ya jezi au mweusi, usishonwe na jezi, na usiwe na kitu cha kuumiza, kama pini. Chagueni kitambaa chepesi, maana vile vizito vya kushonesha kwa bei rahisi vinabeba jasho mpaka vinakuwa mzigo. Mnaovuka kwenda Pemba kwa boti na kucheza Gombani kesho yake, aliyetapika njiani apewe maji ya chumvichumvi (ORS) ya dukani usiku ule ule, si soda.

Lipo moja ambalo kweli linahusu pumzi, na ndilo halitajwi. Msichana anayehema baada ya ngazi mbili, usingizi hauishi, midomo imepauka, na kila mwezi hedhi yake ni nzito: huyo hahitaji pwani, anahitaji kipimo cha damu. Kwa mwanamke asiye mjamzito, hemoglobini chini ya gramu 12 kwa desilita ya damu ni upungufu wa damu. Mtu mwenye gramu 9 unaweza kumkimbiza mpaka Nungwi, hutamjengea chochote. Na sisi tuna tabia zetu: asubuhi chai na boflo, mchana wali na chai, jioni mihogo na chai. Chai ikinywewa pamoja na chakula inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Isogezwe saa moja mbele, na kwenye dagaa, kunde au mchicha ikamuliwe ndimu. Vidonge msigawe kama pipi. Apime kwanza, daktari aseme.

Nini basi badala ya pwani? Kwenye vitabu utaambiwa wanne kwa wanne, kiwanja cha mita 30 kwa 25, dakika nne mara nne, pumziko dakika tatu. Ni zoezi zuri na nalitumia, ila vitabu vinadhani kila mtu anatuliza mpira. Kwa wasichana walioanza kucheza juzi, mpira unatoka nje kila sekunde kumi, watu wanasimama, na "zoezi la pumzi" linakuwa zoezi la kuokota mpira. Zungusha mipira minane kandoni, kocha arushe mwingine papo hapo. Mkiwa na mipira mitatu, ukweli ni kwamba zoezi halifanyi kazi, na afadhali mbio fupi: mita 20 na kugeuka, mara sita, pumziko sekunde 20, seti mbili, dakika nne katikati. Mara mbili kwa wiki, isiwe siku ya kuamkia mechi. Kabla ya hapo, zile dakika 20 za kupasha za programu ya FIFA ya kuzuia majeraha zisirukwe. Magoti ya wasichana yanakatika kirahisi kuliko ya wanaume, na programu hiyo imejaribiwa kwa wasichana hasa.

Ratiba yetu inasimama na kuanza: Mapinduzi, Ramadhani, masika kiwanja kimejaa maji. Halafu mechi tatu kwa siku tisa. Kasi ya kurudiarudia hushuka ndani ya wiki mbili tatu za kukaa, kwa hiyo hata Ramadhani nashauri vipindi viwili vifupi kwa wiki, dakika 40, baada ya tarawehe. Wengine hufanya saa moja kabla ya futari ili mtu akimaliza anywe. Sijaona sababu ya kutosha ya kusema ipi ni bora. Angalieni nani anafika.

Kupima uzito wa mazoezi, muulize mchezaji nusu saa baada ya kumaliza: sifuri mpaka kumi, ilikuwa ngumu kiasi gani? Zidisha kwa dakika. Dakika 90 kwa sita ni 540. Jumlisha wiki. Ikiruka ghafla mara mbili ya wiki iliyopita, punguza. Tatizo ni kwamba ukiwauliza wakiwa foleni, wa kwanza akisema "nne", wote watasema nne, na anayegombea namba atasema tatu. Muulize mmoja mmoja, pembeni, na usikunje uso akisema tisa.

Kuhusu kupanga mazoezi kufuata siku za hedhi, naulizwa sana siku hizi. Ushahidi bado ni dhaifu na haukubaliani, na kati ya wachezaji wawili wa timu moja tofauti ni kubwa mno. Ninachofanya ni kumwachia mwenyewe aandike tarehe na hali yake kwenye daftari lake, asiyetaka asiandike, na daftari halipiti kwa kocha mwanaume wala kwa katibu.