Je, wajua jina "rooibos" liliwahi kuwa na mwenyewe Marekani?

Rooibos ni kichaka kinachonywewa kama chai, cha milima ya Cederberg na maeneo ya jirani, magharibi mwa Afrika Kusini. Wakulima huvuna vitawi vingali kijani, huvikatakata, huviponda na kuvinyunyizia maji, kisha huvirundika nje. Humo kwenye rundo ndimo vinamogeuka vyekundu na kuanza kunukia utamu, ndipo vikaanikwa juani.

Mwaka 1994 jina hilo la mmea lilisajiliwa Marekani kama alama ya biashara. Aliyeisajili alama hupata haki ya kuwazuia wengine kuitumia sokoni, kwa hiyo hata aliyeyatoa majani Cederberg kwenyewe angeweza kuambiwa asiyaite rooibos. Wazalishaji wa Afrika Kusini walihangaika na mawakili kwa miaka, hadi mwaka 2005 madai hayo yalipoachwa. Baadaye kampuni moja ya Ufaransa nayo ikaomba kusajili majina yenye neno hilohilo.

Dawa yake ni kinga nyingine ya miliki bunifu (haki juu ya ubunifu, alama na majina), iitwayo kiashiria cha kijiografia. Hii haina mwenye mali mmoja wala haiuzwi. Yeyote anayezalisha ndani ya eneo lililotajwa, kwa utaratibu ulioandikwa, analitumia jina. Aliye nje halitumii, hata bidhaa yake iwe nzuri vipi. Rooibos iliingia katika daftari la Umoja wa Ulaya mwaka 2021, na huko hata kuandika "mtindo wa rooibos" ni marufuku.

Kwingineko mambo si mepesi hivyo. Mkataba wa TRIPS wa Shirika la Biashara Duniani (WTO), unaohusu miliki bunifu, unalinda viashiria vyote, ila mvinyo na pombe kali zimependelewa waziwazi: kimsingi huwezi kuandika "aina ya Champagne" hata ukitaja nchi ulikoitengenezea. Kwa chai, kahawa au karafuu, mlalamikaji anapaswa kuonyesha kwamba mnunuzi anapotoshwa au ushindani si wa haki. Sioni sababu ya haki ya mkulima wa zabibu kuzidi ya mkulima wa chai, na nchi kadhaa zimekuwa zikidai hivyo WTO kwa miaka mingi.

Zanzibar iliviweka viashiria hivi katika sheria yake ya mali za viwandani ya mwaka 2008. Kwa visiwa vinavyojulikana duniani kwa karafuu, kifungu hicho kina thamani kubwa, mradi wakulima wakubaliane wenyewe juu ya utaratibu wa kuchuma, kuanika na kupanga madaraja, kwa sababu jina husajiliwa pamoja na utaratibu huo.